Sauti ya Mama Riziki Isipande Pikipiki Kesho

Mwanangu Ramazani,

Mama Riziki yuko hai, yuko Kabambare, na amekataa. Ameniambia yeye mwenyewe kwa simu leo baada ya sala ya alasiri, na nilimwomba ayarudie maneno yake ili nisije nikayaongeza wala kuyapunguza. Alisema: "Mama Rama, miye niko muzima. Lakini ile sauti yangu, usiitoe tena. Ilishaua mutu moja, inatosha." Kisha akaniuliza kama ni wewe utakayeibeba. Nikamjibu ndiyo, kesho asubuhi, kwa pikipiki, mpaka Kindu. Aliyoyasema baada ya hapo nitayaandika chini, kwa kuwa hayaeleweki bila yaliyoyatangulia.

Nakuandikia kwa sababu tukizungumza jambo hili unaniambia, "Mama, nilishaelewa," na mimi natulia kama mtu aliyejibiwa. Barua haimjibu mtu haraka hivyo. Nimeiweka juu ya mfuko wako. Isome kabla motari, mwenye pikipiki, hajapiga honi.

Mengine ya safari nimeyaacha. Unajua kuchemsha maji, unajua kulala ndani ya chandarua, na dada yako ameshakufungia sombe ya majani ya muhogo ya kula njiani. Sina la kukufundisha juu ya hayo. Ninalotaka kukuandikia ni egalizeri, na usicheke.

Konsoli ya redio yetu uliikuta ukiwa bado unabebwa mgongoni. Ilikuwa meza ya chuma, kijani kilichochujuka. Ilitumika kwanza Ulaya, ikapewa misheni, na misheni ilipopata vyombo vipya ikatuachia sisi. Kila maikrofoni ilikuwa na njia yake, na kila njia ilikuwa na vifundo vitatu: cha sauti nene, cha sauti ya kati, cha sauti nyembamba. Hiyo ndiyo egalizeri. Ukizungusha huku unaongeza, ukizungusha kule unakata. Nilikaa mbele ya vifundo hivyo zaidi ya nusu ya maisha yangu, na mkono wangu ulivijua gizani, umeme ukikatika katikati ya habari.

Kisha wewe ukaja na kompyuta, na ndani yake plagini, yaani programu ndogo inayopachikwa kwenye programu ya kuhariri sauti ili ifanye kazi ya konsoli ya kale. Waliotengeneza yako walikuwa wameiga konsoli ya aina ile ile ya kwetu. Hata kwenye kioo vifundo vilichorwa juu ya bati la kijani. Fundi Amisi, aliyeitunza konsoli yetu tangu siku iliposhushwa kwenye lori, aliinamia kompyuta yako, akaangalia, akasema:

"Hii ni picha. Picha ya mbuzi, unaweza kuipika?"

"Fundi, sikiliza kwanza," ukamjibu. "Kucheka kutakuja nyuma."

Ulinigeuza nitazame ukuta. Ukapitisha sauti yangu, mara kwenye konsoli, mara kwenye plagini, na kila mara ukaniuliza ni ipi. Mwanzo nilikuwa napatia, na Fundi Amisi akawa anapiga makofi. Ndipo ukagundua kuwa konsoli ilikuwa inatoka juu kidogo kuliko plagini. Sikuwa nimetambua konsoli. Nilikuwa nimechagua iliyonipigia kelele zaidi. Ukazisawazisha, tukaanza upya, na kutoka hapo nikawa kama mtu anayerusha sarafu. Fundi Amisi naye hakufanya vizuri kuliko mimi.

"Mama," ukasema, "miaka yote hii ulikuwa unasikiliza nini?"

Nilikasirika kwa siku nzima. Sasa naandika kile ambacho siku ile sikukisema: ulikuwa na haki ya kuuliza.

Baadaye ulifanya jaribio la pili, ambalo nililipenda zaidi kwa kuwa halikutegemea sikio la mtu. Ulirekodi maneno yale yale, mara moja yakipita kwenye konsoli na mara moja kwenye plagini, ukaigeuza moja kichwa chini miguu juu, ukazijumlisha. Ulinieleza kuwa vilivyo sawa vinafutana, na vinavyotofautiana ndivyo vinavyobaki. Kwa mtu anayesema polepole hakukubaki kitu ila mngurumo wa umeme wetu mbovu. Kwa mnadi wa soko, yule anayepiga kelele mpaka mishipa inamtoka shingoni, kulibaki mikwaruzo midogo, kama mtu anayezungumza ndani ya gunia. Ukapima njia ya pili na ya nne. Hazikufanana hata zenyewe kwa zenyewe, kwa kuwa ya nne Fundi Amisi aliwahi kuitia kapasita, kipuri kidogo cha umeme, aliyoitoa kwenye televisheni iliyokufa.

Tulikaa pale watatu tukisikiliza mabaki. Fundi Amisi akasema, "Hiyo sasa ndiyo konsoli yenyewe." Mimi sikukubaliana naye, na bado sikubali. Mabaki yale si roho ya kitu chochote. Ni vipuri vilivyochoka. Waliotengeneza plagini waliiga konsoli moja, ikiwa nzima, kwenye chumba ambacho umeme hauyumbi. Konsoli hiyo sisi hatukuwahi kuwa nayo. Lakini kwa kazi ya kila siku, kwa sauti ya mtu anayesoma habari, tofauti ilikuwa ndogo kuliko nilivyotaka iwe. Wiki chache baadaye jenereta ilipandisha umeme, konsoli ikaungua, na wewe ukawa ndiye mwenye kilichobaki chake, yaani ile plagini. Kamati ya redio imeshaamua bati lake liende kwa wafua sufuria.

Kwa hiyo niandike wazi: plagini yako inaiga vizuri. Ndiyo sababu naiogopa.

Unajua vifundo vile vilikuwa vinafanya kazi gani hasa? Si muziki. Muziki tulikuwa tunaupiga kama ulivyo. Kazi yake kubwa ilikuwa matangazo ya vifo. Mtu akifa Kasongo mjini, ndugu zake wako shambani, wako machimboni, wako Nyangwe kwenye mitumbwi, na wote wanasikiliza redio ndogo ya betri iliyoning'inizwa kwenye mti au juu ya jiko. Redio ile haina sauti nene, spika yake ni ndogo kama kiganja cha mtoto. Haina hata ile nyembamba kabisa. Ina ya kati tu, na ya kati yenyewe inagombana na upepo. Nilipoanza kazi nilisoma jina la marehemu mmoja kwa sauti nzuri ya studio, nene, ya heshima, na watu wa Nyangwe hawakusikia jina. Walisikia tu kwamba kuna msiba. Familia mbili zikaondoka kwenda kuzika, na moja haikuwa na maiti.

Baada ya siku ile nilijifundisha. Nilikata ile nene mpaka mwisho, nikakata ile nyembamba, nikaipandisha ya kati kwa robo tatu ya kifundo. Studioni sauti yangu ilikuwa mbaya, kama ya mtu aliyebanwa pua. Mashambani kila herufi ilifika. Watu waliniambia, "Mama Rama, ukitaja maiti, hata kiziwi anasikia." Nilijivunia jambo hilo. Mkono wangu ulizoea: tangazo la kifo, vifundo pale pale.

Kisa cha Mama Riziki unakijua kama mji mzima unavyokijua. Usichokijua ni mpangilio wake, na mimi mwenyewe sikuuona mpaka nilipokuona ukizungusha vifundo kwenye kioo.

Mama Riziki alikuwa anauza mawese kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Lusangi. Alikuwa ameona watu wenye silaha wakichukua dhahabu ya wachimbaji, na aliona nani aliyekuwa akiwafungulia njia. Alikubali kuyasema. Nilimrekodi chumbani kwa dada yake, milango imefungwa, na kabla ya kubonyeza mashine alinishika mkono.

"Mama Rama, hawatanijua?"

Nikamwambia, "Hakuna atakayekujua."

Nilimwambia hivyo kabla ya kufanya lolote. Sikuwa nimegusa kifundo hata kimoja. Katika kazi yangu yote sikuwahi kutangaza habari kabla ya kuihakikisha, lakini ahadi ile niliitoa kwa mtu anayehatarisha roho yake bila kuihakikisha, kwa sababu haikuonekana kama habari. Ilionekana kama upole.

Studioni tuliipitisha sauti yake kwenye konsoli, njia ya pili. Nikakata ile nene mpaka mwisho. Nikakata ile nyembamba. Nikaipandisha ya kati. Kwenye spika kubwa za studio mwanamke yule alitoweka, akaja mwingine, mkavu, wa mbali. Fundi Amisi akasema, "Mama, hata mume wake hatamujua." Nikasema, "Iweke hewani."

Umeona? Vifundo pale pale. Nilimficha Mama Riziki kwa mkono ule ule niliotumia kuhakikisha jina la maiti linafika mashambani. Spika kubwa za studio zilionyesha kilichopotea, kwa kuwa zilikuwa na uwezo wa kukionyesha. Redio ndogo hazikuwa nacho tangu mwanzo. Kwenye redio ndogo kila mtu tayari ana sauti iliyobanwa. Ndivyo watu wa machimboni walivyozoea kuwasikia hata jamaa zao kwenye simu. Nilichofanya mimi ni kuyasafisha maneno yake yafike vizuri. Na mwendo wake wa kusema, kile kikohozi chake kifupi, na "eeh, baba yangu" anayoiweka mwisho wa kila jambo zito, hivyo havina kifundo.

Mwuza vocha mmoja alikuwa ameketi karibu na wale wenye silaha jioni tulipoitoa hewani, na alinisimulia mwenyewe, uso kwa uso, alipohamia mjini. Alisema walikuwa wanakula. Redio ilikuwa juu ya gogo. Mmoja wao akaacha kutafuna, akasema, "Huyu si ule mama wa mawese?" Mwenzake akajibu, "Nani mwingine?" Wakamaliza kula kwanza.

Walipofika kwake hawakumkuta. Alikuwa ameenda shambani. Walimkuta mdogo wake. Alizikwa kesho yake kabla ya adhuhuri, na ni mimi niliyesoma tangazo. Nilikaa mbele ya njia ya pili, na sikuhitaji kugusa kifundo. Hakuna aliyekuwa amevirudisha.

Sikulia hewani. Watu walinisifu kwa hilo pia.

Kwa miaka mingi nilijieleza kwamba konsoli ilikuwa mbovu. Njia ya pili ilikuwa na mlio, kifundo cha kati kilikuwa kinaruka, alama zake zilikuwa zimefutika. Kwa chombo kizuri Mama Riziki angefichika. Uliponiambia umepata chombo kizuri, kisichoruka, chenye alama zote, moyo wangu ulifurahi kwa namna isiyofaa. Ndiyo maana nilikuruhusu kuzigeuza kanda zangu zote kuwa faili. Ndiyo maana sikuitoa ile moja ya Mama Riziki. Nilitaka kusikia kama ingewezekana.

Studio ya Kindu inakuchukua kwa ajili ya kanda hizo. Wewe na mimi tunajua. Wanatengeneza vipindi virefu juu ya miaka ya vita huku kwetu, wanataka ile sauti ya redio ya zamani, na wanataka wafiche mashahidi. Ukasema plagini itafanya yote mawili kwa mpigo mmoja. Uliponiwekea kaske za kusikilizia masikioni nisikie ulivyomficha Fundi Amisi kwa majaribio, mimi mwenyewe sikumtambua. Ulikuwa unatabasamu. "Iko sawa, Mama? Hapa hata mama yake mzazi hamujui."

Nilikuwa nimewahi kuisikia sentensi hiyo.

Ndipo tulipokwenda sokoni kuijaribu, na si kwa sababu nilikuwa na hekima. Tulikwenda kwa sababu nilikuwa na hofu, na nilitaka unitoe hofu. Ulitia ile faili ya Fundi Amisi kwenye kadi, kadi kwenye redio ndogo ya mwuza chumvi mmoja, Fundi Amisi akiwa amebaki nyumbani kwake. Faili ilisema juu ya mvua na barabara, mambo ya mtu yeyote. Mwuza chumvi hakuinua hata kichwa.

"Fundi Amisi ameanza kusema mu redio?"

"Wapi! Fundi Amisi ni huyo?" akasema jirani yake, mwanamke auzaye samaki wa Nyangwe.

"Si yeye namna gani? Sikiliza vizuri. Anasemaka kama mutu anahesabu misumari."

"Eeh! Ni yeye kweli. Kwani amekufa? Wanatangaza?"

"Asife bwana! Redio yangu ile kubwa iko kwake tangu mwezi wa saumu. Akifa, nani atanirudishia?"

"Atakurudishia kwa Mungu, na betri juu yake!"

Soko lilicheka. Wewe ulicheka pia, kwa sababu lilikuwa jambo la kuchekesha. Kisha ulinitazama, ukaacha.

Ulirudi kwenye kompyuta pale pale, umeketi juu ya gunia, ukakata zaidi. Wakamtambua tena. Ukakata zaidi. Mwuza samaki akasema, "Zima hiyo, inatoboa masikio, na hatusikii anasema nini." Hapo ndipo alipofichika: pale ambapo maneno yake nayo yalikufa. Njiani ulinitajia plagini nyingine, zinazoshusha kimo cha sauti na kuipandisha. Nikakuuliza kama iliyoshushwa inaweza kurudishwa. Wewe ni mwaminifu, ukakubali kwamba wiki iliyopita uliirudisha moja kwa ajili ya kujifurahisha.

Kwa hiyo nikiulizwa plagini inaiga konsoli kwa kiasi gani, nina jibu la mwandishi wa habari, lenye shahidi. Inaiga mpaka kwenye kosa langu. Haikuiga kapasita ya televisheni wala mngurumo wa jenereta, lakini redio ndogo ya mwuza chumvi iliifanyia vile vile ilivyoifanyia konsoli yangu. Chombo kizuri hakikuwapo wakati ule, na leo kipo, na Mama Riziki angetambuliwa hata hivyo. Nimebaki bila kisingizio. Sikuandikii ili unionee huruma. Nakuandikia kwa kuwa kisingizio hicho nilikuwa nimekuandalia wewe bila kujua. Nilikulea ukinisikia nikisema, "Tungekuwa na vyombo."

Baada ya soko ndipo nilipoanza kumtafuta Mama Riziki. Nilipaswa kumtafuta kabla. Kanda yake ilikuwa kabatini kwangu miaka yote hiyo, na nilikuwa nimeshaanza kuihesabu kuwa yangu. Namba yake niliipata kwa dada yake, na dada yake alinifanya nisubiri mpaka leo.

Sasa niandike sehemu ya pili ya simu, niliyokuahidi.

Nilipomjibu kuwa ni wewe utakayeibeba, aliniuliza, "Mutoto wako anajua yule mudogo wangu alikuwa nani?" Nikasema unajua jina. Akasema, "Jina haitoshi. Alikuwa ananibebea mawese." Kisha akasema: "Maneno, unaweza kutoa. Maneno iko ya wote waliokuwa kule. Sauti iko yangu." Nikamuuliza kama atakubali mtu mwingine ayaseme maneno yake. Akasema, "Mutu wa huku. Asiseme kama mutu wa Kinshasa. Na kwanza mukuje munisomee, nisikie. Penye nitajijua, munatoa."

Penye nitajijua. Hicho ndicho kipimo ambacho mimi na Fundi Amisi hatukukifikiria, tukiwa tumekaa mbele ya spika kubwa tukisifiana.

Mkuu wa studio, kama ulivyonisimulia mwenyewe wakati wa chakula, alikwambia, "Bila ule mama, tunaanza kipindi na nini?" Sitakuambia kwamba atakuelewa. Inawezekana akakupa kazi ndogo ya kukata matangazo. Inawezekana akakurudisha, na ukafika hapa na mfuko ule ule, watu wakakuuliza Kindu kuna nini. Nimekaa na wakubwa wa redio wa kutosha kujua kwamba sauti halisi ya mtu aliyeumia inawapendeza kuliko maneno yake yakisomwa na mwingine. Ilinipendeza mimi pia. Niliposikia kanda ile mara ya kwanza, jambo la kwanza lililonijia kichwani halikuwa Mama Riziki. Lilikuwa: hii itasikilizwa.

Diski yako iko hapa mezani. Ningeweza kuitoa faili ya Mama Riziki mimi mwenyewe. Uliniachia kompyuta wazi, na si kazi ngumu. Sijaigusa. Nikiifuta mimi, utakwenda Kindu ukiwa mtu aliyenyang'anywa kitu na mama yake, na siku moja utaitafuta kanda. Bahati yetu moja ni mtandao wetu mbovu, ambao mpaka leo haujaweza kuipeleka. Nje ya nyumba hii haiko popote.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Ukimaliza kusoma, kabla hujafunga mfuko, fungua diski uitoe kwa mkono wako, na utoe pia ile uliyokwisha kuipitisha kwenye plagini. Uniachie kanda yenyewe. Nitaipeleka kwa mwenyewe, aamue kama inachomwa au inahifadhiwa.

Kesho motari atafika baada ya sala ya alfajiri. Keshokutwa, Ijumaa, mimi natoka kwenda Kabambare. Fundi Amisi amesema atakuja nami, na sikumzuia, ingawa barabara si ya mtu wa umri wake. Jumamosi asubuhi tunakaa na Mama Riziki, nitamsomea maneno yake, na kila atakapojijua nitakata. Atakayeyasema nimeshamfikiria, lakini nitamtaja Mama Riziki akimkubali.

Jumatatu unaingia studioni, na watakuuliza faili kabla hujakaa. Usiwaahidi chochote kabla ya hapo, hata kwa simu, hata wakikuuliza kwa upole. Jumapili baada ya magharibi simama mahali penye mtandao. Nitakupigia, nikusomee maneno atakayokuwa ameyakubali yabaki.

Mama yako